MKUKI KWA NGURUWE: WAGENI WAPANGAJI KATIKA NYUMBA ZETU



Ni nadra juma kupita bila mzazi mmoja katika jumuiya zetu ndogondogo kutuomba tumwombee mtoto wake aliye ng'ambo kwa ajili ya nyumba. Kijana aliye Uingereza amekataliwa chumba kwa kuwa hati yake ya ukaazi inakaribia kwisha. Binti aliye Dubai ametakiwa kutoa hundi za kodi ya mwaka mzima hata kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Mwingine amehama, na mwenye nyumba amekataa kumrudishia amana yake akidai kwamba ukuta umechafuliwa. Tunasali pamoja, tunasikitika pamoja, tunasema walimwengu hawana haya. Kisha tunafunga sala, tunakunywa chai, na baadhi yetu tunaondoka kwenda kukusanya kodi kwa Wakongomani, Warundi, Waethiopia na watu wa Sudani Kusini waliopanga katika ploti zetu.

Kijitabu hiki kinahusu kodi hiyo na namna tunavyoikusanya. Katika vijitabu vilivyotangulia tulizoea kuinyoshea serikali kidole, na mara nyingi ilistahili. Safari hii tumeshindwa kupata njia ya kusema neno la kweli pasipo kuanza na watu wanaokaa katika mabenchi ya mbele kila Jumapili. Wako watakaosema kwamba Tume ya Haki na Amani inaingilia biashara za watu. Tunakubali kwamba tunaingilia.

Mlango uliong'olewa

Tuanze na kisa kimoja tulichokishuhudia kwa macho yetu. Mama mmoja mjane kutoka Bukavu, mwenye watoto wanne, alitafuta vyumba viwili upande wa mashariki wa Nairobi. Alikwenda akiongozana na jirani yake Mkenya. Jirani ndiye aliyebisha hodi na kuuliza bei, akaambiwa shilingi 9,000 kwa mwezi. Mama yule alipofungua kinywa na kusema kwa Kiswahili cha kwao kwamba yu tayari kulipa pamoja na garanti, yaani amana, bei ilipanda papo hapo ikawa 13,000. Aliambiwa vilevile alete amana ya miezi miwili, ingawa wapangaji wengine wa ploti ile walitoa ya mwezi mmoja. Akalipa. Hakuandikiwa mkataba wala hakupewa risiti. Alipoiomba alijibiwa kwamba kama ana mashaka arudi kambini Kakuma, mahali ambapo hajafika maishani mwake.

Alikaa miezi kumi na minne akilipa kabla ya tarehe tano. Mwezi wa kumi na tano mtoto aliugua, kodi ikachelewa siku nane. Mtunza ploti akaja na fundi, wakang'oa mlango wakaenda nao. Kwa usiku tatu mama huyo alitundika shuka mahali pa mlango na kukesha ameketi, maana binti yake mkubwa ana miaka kumi na mitano, na kila mmoja wetu anajua ni watu gani hupita katika ujia wa ploti usiku. Tulipopata habari tulikwenda pamoja na mwenyekiti wa jumuiya na katekista. Mlango tuliukuta umeegemezwa nyuma ya tangi la maji. Mwenye nyumba hatukuhitaji kumtafuta. Ni mtu wetu. Amechanga fedha nyingi katika ujenzi wa kanisa, na jina lake limesomwa mara kadhaa baada ya Misa tukimshukuru. Alitupokea vizuri, akatuagizia soda, akatuambia bila kuficha lolote: "Baba, hawa si watu wa hapa. Watakwenda kushtaki wapi?"

Laiti angekuwa mtu katili, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Si katili. Huwauguza wazee wake kwa uvumilivu ambao wengi wetu hatuna. Watoto wake wawili wako ng'ambo, na nusu ya ploti ile, alitueleza mwenyewe kwa fahari, imejengwa kwa fedha walizomtumia. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Sehemu ya fedha hizo ililipa karo na hospitali, na sehemu nyingine, tunaijua kwa kuwa tunaalikwa kubariki misingi, iligeuka mawe, saruji na mabati ya nyumba za kupangisha. Basi fikirini njia iliyopitwa na shilingi hiyo. Imetoka kwa kijana wetu aliyepanga chumba kwa mgeni wake, akabanwa, akajinyima, imevuka bahari, imejenga chumba hapa, na katika chumba hicho amewekwa mgeni mwingine ili naye abanwe. Wahenga waliliona jambo hili zamani waliposema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu ni mchungu.

Mgeni yupi?

Tusidanganyane kwamba tunawatendea hivi wageni wote. Mji wa Nairobi una makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira huko Gigiri, pamoja na balozi na mashirika mengi, na wafanyakazi wake waliotoka Ulaya, Marekani na Asia wanapanga nyumba kama anavyopanga yule mama. Hao nao ni wageni. Lakini mgeni wa namna hii hupewa mkataba wa kurasa nyingi uliosomwa na mawakili wa pande mbili. Kabla hajaingia, nyumba hupakwa rangi na kila taa na kitasa huandikwa katika orodha. Paa likivuja hupiga simu, na fundi huja siku ileile. Akihama na amana isirudi, mwajiri wake huandika barua moja tu. Wala hatuna kinyongo naye. Anapata anachostahili kila mpangaji. Tunashangaa tu kwamba huyo tunamwita mtaalamu na yule tunamwita mkimbizi, kana kwamba majina hayo mawili yametajwa katika sheria ya upangaji.

Kati ya hao wawili lipo kundi kubwa ambalo hatulifikirii kabisa: mwalimu kutoka Uganda, mwanafunzi kutoka Rwanda, fundi cherehani kutoka Tanzania, mfanyabiashara Mkongomani wa vitenge. Nchi zao na yetu zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia wazi haki ya raia wa nchi hizo kwenda kufanya kazi na kukaa katika nchi nyingine ya Jumuiya. Sudani Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Tunawashangilia marais wanapotia saini, kisha mwananchi wa kawaida anapokuja kupanga chumba tunamwongezea shilingi elfu nne kwa sababu ya lafudhi.

Sheria imesema "kila mtu"

Turudi kwenye lile swali: watakwenda kushtaki wapi? Yule bwana alidhani ameuliza swali lisilo na jibu. Jibu lipo, na tunaomba wenyeviti wa jumuiya walisome polepole, maana wengi wetu hatujalisikia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inatoa haki ya makao ya kufaa na ya usafi wa kiasi cha heshima. Haki hiyo imepewa kila mtu. Haikupewa kila raia. Waandishi wa Katiba walijua tofauti ya maneno hayo mawili. Walipotaka kusema raia walisema raia, kama katika haki ya kupiga kura na katika mambo ya umiliki wa ardhi, ambamo asiye raia hawezi kupata zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kuhusu makao, maji na heshima ya utu walisema kila mtu. Na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya asili, rangi au lugha, tena hakiishii kwa serikali: kinasema kwamba hata mtu binafsi asimbague mwenzake. Bei ya 9,000 kwa jirani na 13,000 kwa mjane wa Bukavu, kwa chumba kimoja, siku moja, mdomoni mwa mtu mmoja, ni jambo ambalo tungependa kulisikia likielezwa mbele ya hakimu.

Kuhusu mlango, jambo ni rahisi zaidi. Sheria humruhusu mwenye nyumba kudai kodi yake iliyochelewa. Inampa hata njia ya kukamata mali ya mpangaji kwa mkono wa dalali mwenye leseni na kwa utaratibu uliowekwa. Akitaka kumwondoa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, anapaswa kumpa notisi ya mwezi, na mpangaji akikataa kutoka, mwenye nyumba aende mahakamani. Hakuna sheria katika nchi hii inayomruhusu kung'oa mlango, kufunga kufuli juu ya kufuli ya mpangaji, kukata maji au kufunua mabati. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa kusudi la kumlazimisha ahame. Aliyemtuma fundi na mtalimbo amefanya kosa. Haidhuru mpangaji awe amezaliwa Bukavu au Murang'a.

Hapa yatupasa tuseme ukweli juu ya udhaifu wa sheria hiyo. Inayahusu makao ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo mingi iliyopita. Leo ni vyumba vingapi vya Kayole au Githurai vinavyopatikana kwa bei hiyo? Baraza maalum la kuamua mashauri ya kodi lipo, lakini maskini wengi wameachwa nje ya mlango wake kwa sababu bei zimepanda na kiwango hakikupanda. Bunge limelijua jambo hili kwa muda mrefu. Wengi wa wale wanaoweza kulirekebisha ni wenye nyumba.

Hata hivyo mpangaji wa kodi kubwa kuliko hiyo hakuachwa mikono mitupu. Mahakama za kawaida ziko wazi kwake. Na kwa madai ya fedha, kama vile amana isiyorudishwa, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mdai anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na shauri linatakiwa limalizike katika siku 60. Hakuna mahali pameandikwa kwamba mdai awe na kitambulisho cha uraia.

Tuliyoyaonja nasi

Tunapoandika haya tunakumbuka miaka ya masomo tuliyoyafanya Ujerumani. Kabla ya kupata chumba tulipiga simu nyumba nyingi, na mara kwa mara tuliambiwa kwamba chumba kimekwisha chukuliwa. Siku moja mwanafunzi mwenzetu Mjerumani alipiga simu ileile dakika kumi baada yetu, na chumba kilikuwa bado kipo. Nchi hiyo ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza ubaguzi wa namna hiyo, lakini sheria haiwezi kumzuia mtu kusema uongo katika simu. Tuliketi kitandani tukiwa na simu mkononi, na tuseme wazi, tuliona aibu ambayo hatukuistahili. Wale waliowahi kusimama ng'ambo mbele ya mlango uliofungwa wanaijua aibu hiyo, hatuhitaji kuwaeleza.

Lakini tulipopata chumba, mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu wa tabasamu nyingi, alizunguka nasi akiandika kila doa la ukuta, kila mkwaruzo wa sakafu, na namba iliyosomeka katika mita ya umeme. Tukatia saini wote wawili. Amana haikuzidi kodi ya miezi mitatu, kwa sababu sheria yao haimruhusu kudai zaidi, na tuliilipa kwa awamu tatu, kwa sababu sheria yao inaturuhusu. Aliiweka benki mbali na fedha zake mwenyewe. Siku ya kuhama alitoa ile karatasi ya madoa, akazunguka nayo tena, na baadaye amana ikarudi yote pamoja na riba yake, ambayo ilikuwa senti chache zisizotosha kununua mkate. Hatujapata kupokea fedha zilizotupa heshima kuliko senti hizo.

Hatusemi kwamba ng'ambo ni mbinguni. Huko England, kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 2014, mwenye nyumba ndiye aliyepewa kazi ya kukagua hati za mpangaji, na tangu Februari 2016 kazi hiyo imeenea England yote. Matokeo yake ni kwamba wako wanaoona ni salama zaidi kumkataa kila mwenye jina la kigeni. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ilisema kwamba utaratibu huo unaleta ubaguzi; mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kijana wetu anayeombewa katika jumuiya anateseka kwa ajili hiyo, na analo neno la kulalamika. Lakini kijana huyohuyo akishaingia katika chumba, amana yake sharti isajiliwe katika mfuko uliokubaliwa na serikali katika siku 30, na mwenye nyumba asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru alipe mara moja hadi mara tatu ya amana hiyo. Kumtoa kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1977.

Na huko Dubai, ambako tunapenda kusema hakuna haki kabisa, mkataba wa nyumba husajiliwa serikalini, na kiko chombo maalum cha kuamua magomvi ya wapangaji. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake kwa ajili ya kukaa mwenyewe au kuuza anapaswa kumpa mpangaji notisi ya miezi 12 kwa maandishi yaliyothibitishwa. Miezi 12! Yule mama wa Bukavu alipewa muda wa fundi kufungua bawaba. (Mabinti zetu wanaolala katika nyumba za waajiri wao huko Ghuba hawana mkataba wa nyumba wala ufunguo wa mlango, shida yao ni nyingine na ni nzito zaidi, nayo inahitaji kijitabu chake.)

Visingizio

Tumewasikiliza wenye nyumba kwa muda mrefu, na si haki kuwajibu bila kutaja wanayosema.

Wanasema kwamba wageni hukimbia na kodi. Wengine hukimbia, kweli, kama wanavyokimbia Wakenya; ndiyo maana amana ikabuniwa. Mtu aliyekwisha chukua amana ya miezi miwili kwa hofu ya kukimbiwa hawezi kuitumia hofu ileile kung'oa mlango baada ya siku nane.

Wanasema kwamba polisi huwasumbua wanapopangisha wageni. Hilo tunalikubali kwa uchungu. Tunakumbuka Aprili 2014, watu walipokamatwa kwa maelfu Eastleigh na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na wenye nyumba wengi wakaingiwa na hofu. Lakini tunakumbuka pia kwamba Desemba 2012 serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini wahamishiwe Dadaab na Kakuma, Kituo cha Sheria kilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inawatambua na kuwapa hati. Mwenye nyumba anayo haki ya kuomba kuona hati ya mpangaji na kubaki na nakala yake. Hana haki ya kubaki na hati yenyewe. Tumeambiwa juu ya pasi na vitambulisho vinavyofungiwa katika kabati mpaka kodi ilipwe. Anayefanya hivyo amemfunga mtu, maana mgeni asiye na hati hawezi hata kwenda sokoni bila kumwogopa askari.

Wanasema kwamba wageni ndio wanaopandisha kodi, na wapangaji Wakenya huitikia kwa sauti kubwa. Mgeni hapangi bei. Bei hupangwa na yule anayemtazama usoni kwanza. Mpangaji Mkenya anayefurahi jirani yake Mrundi akitozwa zaidi ajue kwamba mwaka ujao bei hiyo ya juu ndiyo itakayokuwa bei ya ploti nzima.

Na wako wanaotupigia methali, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee waliompa mgeni jembe walimwonyesha na shamba. Walimhesabu kuwa mtu wa kulima pamoja nao na kula pamoja nao. Hakuna mahali methali hiyo inamtaja mgeni aliyepewa kufuli.

Kisingizio kimoja hakisemwi, nacho ndicho kikubwa. Mwenye nyumba anayekataa kuandika mkataba na risiti mara nyingi hamwogopi mpangaji. Anaiogopa Mamlaka ya Mapato. Lugha yetu imeyaita mambo mawili kodi, ile anayolipwa na ile anayopaswa kulipa, naye anaipenda ya kwanza tu. Tangu Januari 2024 kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba za makao, kwa wengi, ni asilimia 7.5 ya jumla anayokusanya, baada ya kuwa asilimia 10 hapo awali. Mgeni asiye na karatasi ndiye mpangaji anayemfaa, kwa kuwa hatamwacha na karatasi yoyote.

Wageni nao wana wajibu wao, na tutawaambia kwa lugha zao: kulipa kwa wakati, kutojaza chumba kimoja watu kumi bila mwenye nyumba kujua, kutunza choo cha pamoja, kutoa habari mapema fedha zikichelewa. Wengi wao wanafanya hivyo bora kuliko sisi.

Nyumba za parokia

Mwaka 1987, ulipokuwa mwaka wa kimataifa wa makao kwa wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati yenye kichwa kinachouliza tumemtendea nini ndugu yetu asiye na makao. Tulikuwa na nia ya kuwauliza ninyi swali hilo. Kabla ya kuchapa kijitabu hiki mjumbe mmoja wa Tume, mama ambaye hasemi mengi, alituuliza sisi: je, vyumba vya parokia?

Parokia ina vyumba kumi na viwili vya kupangisha nyuma ya uwanja. Tulifungua madaftari. Hakukuwa na mkataba hata mmoja. Amana za wapangaji zilikuwa zimetumika, baadhi kulipia umeme wa kanisa, baadhi hatukuweza kujua. Wapangaji watatu ni wageni, na mmoja wao analipa shilingi 1,500 zaidi ya majirani zake. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeamua hivyo. Tulinyamaza wote kwa kitambo.

Haya ndiyo yaliyofanyika tangu siku hiyo. Mpangaji yule amerudishiwa tofauti yote tangu alipoingia. Mikataba ya vyumba vyote imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kifaransa kwa wanaokitaka, ukurasa mmoja tu: bei, tarehe, notisi ya mwezi kwa pande zote mbili, nani anatengeneza nini. Hali ya chumba inaandikwa siku ya kuingia mbele ya mpangaji. Amana zimeanza kurudishwa katika akaunti yake peke yake, ambayo haiwezi kuguswa bila saini tatu, na Baraza la Walei litasomewa hesabu yake kila baada ya miezi mitatu. Nakala tupu za mkataba huo ziko ofisini kwa katekista, bure, kwa kila mwenye nyumba atakayetaka. Mpaka tunapoandika haya, wamechukua wanne.

Mpangaji yeyote, Mkenya au mgeni, aliyefungiwa mlango au kunyimwa amana, na aje kwa wajumbe wa Tume siku ya Jumamosi asubuhi. Tutamsaidia kuandika madai na kumsindikiza mahakamani, awe anamshtaki nani.

Mlango wa yule mama ulirudishwa jioni ileile tuliyokwenda. Miezi miwili baadaye alihama, akaacha chumba kimefagiliwa na kodi yote imelipwa. Amana yake, shilingi 26,000, haijarudi. Aliambiwa imekwenda katika rangi, na tulipopita tuliona kuta ni zilezile. Tumemwandikia mwenye nyumba barua mbili. Ya tatu tutampelekea kwa mikono yetu, na mama huyo tutakwenda naye.